Tope la Ujenzi Ni Suala la Afya

Mkazi wa Arusha anapozungumzia ubaya wa maji, mara nyingi hutaja floraidi, madini yanayoyapa meno ya watoto rangi ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, kupinda mifupa. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kila masika mito ya Themi, Naura na Burka hubeba kitu kingine ambacho ni nadra kutajwa kliniki au katika vikao vya mtaa: udongo uliofukuliwa kwa ajili ya misingi ya nyumba, barabara na majengo ya biashara. Udongo huo umezoeleka kuhesabiwa kuwa kero ya usafi tu. Unapaswa kuhesabiwa kuwa chanzo cha maradhi.

Miteremko ya Mlima Meru imefunikwa na udongo wa majivu ya volkano. Chini ya migomba, kahawa na majani, udongo huo hunyonya mvua vizuri. Ukifukuliwa na kurundikwa wazi, husombwa kwa urahisi. Waarusha na Wameru wamelima miteremko hiyo kwa vizazi vingi wakijua kwamba ardhi haiachwi uchi. Ujenzi wa leo umesahau somo hilo. Kiwanja husafishwa chote kwa siku moja, kisha hukaa miezi kadhaa kikisubiri fedha za msingi, na mvua humkuta mwenye nyumba hajajiandaa.

Madhara ya kwanza huonekana katika maji ya kunywa. Chembe za udongo huvipa vimelea mahali pa kujificha, na mabaki ya mimea yaliyomo humaliza nguvu ya klorini kabla haijaua bakteria. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yanayotiwa klorini yawe na kiwango cha tope kisichozidi NTU 5, na inapowezekana kiwe chini ya NTU 1. Mama anayetia kidonge cha dawa katika ndoo ya maji ya kahawia huamini kuwa amewakinga wanawe, kumbe huenda kuhara au homa ya matumbo bado imo ndani ya ndoo.

Madhara hayaishii hapo. Mchanga ukijaa mtaroni, maji hukosa njia, hufurika vyooni na kuacha madimbwi ambamo mbu huzaliana. Nguvu ya maji katika makorongo ya jiji ilidhihirika kwa uchungu Aprili 2024, gari la wanafunzi liliposombwa na mafuriko na watoto kupoteza maisha. Tope la ujenzi si lazima liwe chanzo cha msiba kama huo, lakini korongo au mtaro uliojaa mchanga hubeba maji machache kuliko ulio wazi. Kiangazi kikifika, udongo uleule hugeuka vumbi linalowasumbua wenye pumu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya usimamizi wa NEMC. Pengo liko kwa mjenzi mdogo. Nyumba moja ya familia Moshono au Ilboru haionekani kuwa tishio, lakini nyumba mia moja juu ya mteremko mmoja ni sawa na mradi mkubwa usio na msimamizi.

Wapo watakaosema kwamba mjenzi wa kawaida hana fedha za kinga. Hoja hiyo ni ya haki, ila hatua nyingi hazihitaji fedha nyingi: kuchimba msingi kiangazi badala ya masika, kusafisha sehemu inayojengwa tu, kuacha ukanda wa majani upande wa chini wa kiwanja, kufunika rundo la udongo kwa turubai, kupanga viroba vya mchanga na kuchimba shimo la kutuamisha tope kabla maji hayajafika mtaroni. Asiyelipa gharama hiyo ndogo haiondoi. Huihamishia kwa jirani wa bondeni, ambaye huilipa dirishani pa dawa.

Kwa hiyo kibali cha ujenzi kwenye mteremko kisitolewe bila maelezo ya namna udongo utakavyozuiwa, na maofisa afya wa kata wakague viwanja kabla ya mvua za Machi. Watumishi wa zahanati nao wamuulize mgonjwa wa kuhara maji yake hutoka wapi na yalikuwa na rangi gani. Majibu yakirudia mtaa uleule, yapelekwe kwa wenye mamlaka ya kusimamia ujenzi.

Mpaka hapo, familia iliyo chini ya mteremko iyaache maji ya tope yatuame, iyamimine polepole na kuyachuja kwa kitambaa safi, ndipo iyachemshe mpaka yatokote au iyatie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwa maji yenye tope. Ni kinga inayofaa, lakini si haki kwamba mzigo wote ubebwe na yule ambaye hakuchimba msingi wowote.