Mchanga Unaosafiri na Maji: Somo kwa Madaraja ya Kilwa

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, mafuriko yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo kadhaa ya Wilaya ya Kilwa, likiwemo Somanga. Wananchi wa Lindi na Mtwara waliokuwa wakielekea Dar es Salaam walibakiwa na njia ndefu ya kuzunguka kupitia Songea. Baada ya kurejesha mawasiliano, Serikali kupitia Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) ilielekeza nguvu katika ujenzi wa madaraja ya kudumu.

Ukubwa wa daraja hautegemei wingi wa mvua pekee. Wahandisi hukadiria mwendo wa maji kwa kanuni ya Manning, inayotumika tangu mwishoni mwa karne ya 19, ambayo huzingatia mteremko, kina na msuguano wa sakafu ya mto. Katika mfereji wa zege, msuguano huo haubadiliki sana. Katika mito ya mchanga, sakafu yenyewe husafiri.

Maji yanapoanza kusukuma mchanga, hujengeka matuta chini ya mto. Matuta hayo huongeza msuguano, hivyo maji hupungua kasi na kina chake hupanda. Mafuriko yakizidi, matuta husawazishwa na msuguano unaweza kushuka hadi chini ya nusu. Hapo maji huenda kasi na kuchimba misingi ya nguzo. Yanapotulia, mchanga huziba makalavati, na mvua inayofuata hupita juu ya tuta la barabara.

Kwa sababu hiyo, daraja lenye upenyo mpana na misingi iliyozama chini ya kina kinachoweza kuchimbwa lina gharama kubwa mwanzoni, lakini hupunguza matengenezo ya kila msimu.

Hata hivyo, uimara wa madaraja hayo utategemea pia wananchi. Kulima kingoni mwa mito huongeza udongo unaoingia majini, na kuchimba mchanga karibu na nguzo hudhoofisha misingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka kingo za mito. Kuizingatia ni sehemu ya kulinda barabara yenyewe.