Wajukuu Wanakuja kwa Ndege: Tupange Njia Kwanza

Mwezi huu tunajibu barua moja tu, kwa kuwa imebeba maswali ya akina mama wengi. Imetoka kwa mwalimu mstaafu wa Moshi. Mwanawe, mkwewe na wajukuu wake wawili wanaishi Minneapolis, Marekani. Mkubwa ana miaka 4, na mdogo atatimiza miaka 2 tarehe 20 Desemba. Bibi hajawahi kumshika huyo mdogo. Wamepanga wote wakutane Zanzibar kwa likizo ya Krismasi, kuanzia tarehe 15 Desemba hadi tarehe 10 Januari, na bibi ameahidi kuchangia nauli kutoka katika kiinua mgongo chake. Vijana wamepata tiketi za bei nafuu zilizokatwa vipande viwili: Minneapolis hadi Frankfurt kwa shirika moja, kisha Frankfurt hadi Zanzibar kwa shirika jingine. Kwa watu wanne wataokoa dola 1,000 hivi. Anauliza, "Nitoe fedha au nisitoe?"

Shikamoo, mama. Fedha utoe ukipenda, lakini si kwa tiketi hizo.

Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ni safari mbili, hata kama kwenye karatasi zinafuatana vizuri. Shirika la kwanza kazi yake inaishia Frankfurt. Ndege yake ikichelewa kwa theluji, na Desemba huko theluji ipo, shirika la pili halidaiwi chochote. Ndege yake itaondoka na nauli yenu itakuwa imekwenda nayo. Tiketi ikiwa moja hadi mwisho wa safari, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kuwatafutia njia nyingine. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa kwa sababu ya mashambulizi, na abiria wengi waliokuwa wakiunganisha ndege Doha walikwama. Siku kama hiyo, mwenye tiketi moja anakwenda kaunta kudai haki yake. Mwenye tiketi mbili anakwenda kuomba huruma.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wako huenda hawakuliona. Kwa tiketi mbili, mizigo kwa kawaida haipiti moja kwa moja. Itabidi waichukue Frankfurt na kuipeleka tena kaunta ya shirika la pili, na kuifikia ni lazima wapite uhamiaji na kuingia Ujerumani. Watoto, kama wana pasipoti za Marekani, watapita. Baba na mama wenye pasipoti za Tanzania wanahitaji viza ya Schengen, na kadi ya ukaazi wa Marekani haichukui nafasi yake. Viza hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bila kuhesabu safari za kwenda ubalozini au kwa wakala wake. Ongeza malipo ya masanduku kwa shirika la pili, kwenda na kurudi, kwani tiketi rahisi mara nyingi huwa haina sanduku ndani yake. Ongeza chumba cha kulala Frankfurt ikiwa ndege ya pili ni ya kesho yake. Ile dola 1,000 itakuwa imebaki kidogo sana, na mtoto wa mwaka mmoja na ushee atakuwa amelala kwenye benchi.

Basi tuitazame safari yote upya, tangu mlango wa nyumba ya Minneapolis hadi mlango wako Moshi. Ndiyo, Moshi! Hapo ndipo tulipotikisa kichwa tuliposoma barua yako. Bibi anaishi chini ya saa moja kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, lakini wajukuu wanatua Zanzibar na yeye anapanda basi kwenda kuwafuata.

Hakuna ndege inayotoka Marekani moja kwa moja hadi Tanzania, kwa hiyo kuunganisha ni lazima. Swali ni mara ngapi na wapi. Kwa miaka mingi KLM imekuwa ikitoka Amsterdam na kutua Kilimanjaro, kisha Dar es Salaam, na kutoka Minneapolis kuna ndege ya moja kwa moja hadi Amsterdam ya shirika linaloshirikiana nao. Hizo ni ndege mbili tu, kila moja saa nane hivi angani, kwa tiketi moja, na masanduku yanafungwa lebo hadi Kilimanjaro. Wabaki ndani ya uwanja Amsterdam, waachiwe saa mbili hadi nne za kuunganisha, wala wasikubali dakika 50 wakiwa na watoto wawili na kigari cha kusukuma.

Njia nyingine zipo na zilinganishwe. Ethiopian hutoka miji kadhaa ya Marekani, ikiwamo Chicago na Washington, na kutoka Addis Ababa huenda Kilimanjaro, Dar es Salaam na Zanzibar. Turkish hupitia Istanbul na kufika viwanja hivyo hivyo vitatu. Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York Oktoba 2018. Kwa mtu mmoja kijana mwenye begi la mgongoni, yoyote yenye bei ndogo ni sawa. Kwa familia yako, kila ndege inayoongezeka ni kupanga mstari tena, kuvua viatu tena, kumwamsha mtoto tena. Sisi tungelipa zaidi kidogo kuepuka kuunganisha kwa tatu.

Wakipita Addis au Nairobi waangalie saa za kusubiri. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyesubiri katika uwanja wa nchi hizo kwa zaidi ya saa 12. Ethiopia na Kenya zimo katika orodha hiyo. Kusubiri usiku kucha ili kuokoa dola chache kunaweza kuwarudisha kwenye foleni ya sindano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuanza kufanya kazi baada ya siku 10, na cheti chake sasa ni cha maisha.

Waombe tiketi ya kuingilia Kilimanjaro na kutokea Dar es Salaam. Tiketi ya namna hii mara nyingi haizidi sana ile ya kwenda na kurudi mahali pamoja, ila vijana wengi hawaiulizi. Watatua Kilimanjaro na kukaa kwako wiki nzima bila kulipa hoteli. Kisha mtashuka pamoja kwa basi la mchana hadi Dar es Salaam, mlale huko, na asubuhi mpande boti ya Zanzibar. Siku tano za pwani zinatosha kwa watoto wa umri huo. Siku 26 za hoteli ndizo zingekimaliza kiinua mgongo chako.

Sasa tarehe. Hapa tutakuudhi kidogo, mama. Krismasi ndiyo majira ghali kuliko yote, kwa ndege na kwa hoteli za Zanzibar. Tena mtoto aliye chini ya miaka 2 akikaa mapajani hulipa, kwa mashirika mengi, kama asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima. Mdogo wenu anatimiza miaka 2 tarehe 20 Desemba wakiwa huku, kwa hiyo kwa safari ya kurudi atatakiwa kiti chake na nauli ya mtoto, ambayo haiko mbali na ya mtu mzima. Wakija mwishoni mwa Septemba au Oktoba, atakwenda na kurudi mapajani. Mkubwa hajaanza shule, hivyo hakuna kinachowafunga ila likizo ya kazini. Waondoke katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano, siku ambazo nauli aghalabu hupungua. Tunajua ulitaka kuwavalisha nguo za Krismasi na kwenda nao ibadani. Lakini mjukuu wa kwako ni yule yule Oktoba, na tofauti ya fedha utaiona mwenyewe wakikuletea hesabu zote mbili.

Katika hesabu hiyo waweke na haya. Mmarekani hulipa viza ya Tanzania dola 100, na watoto pia. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni asiye raia kununua bima ya safari ya huko huko, dola 44 kwa mtu mzima. Waulize kiwango cha watoto. Waweke pia dawa za kuzuia malaria. Hili akina baba hulipuuza wakisema, "Mimi nimezaliwa Moshi." Kinga ya malaria hupungua mtu akikaa nje miaka mingi, na watoto waliozaliwa Minneapolis hawakuwa nayo kamwe. Waende kwa daktari wiki nne hadi sita kabla, kwani dawa nyingine huanza siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki mbili au tatu, na kipimo cha mtoto hufuata uzito wake.

Ndani ya ndege mdogo anyonye au anywe kitu wakati wa kupaa na hasa wa kutua, masikio yasimuume. Nepi, maziwa na dawa zote zikae kwenye begi la mkononi. Baba na mama wainuke na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, damu isigande miguuni. Kama mkweo ni mjamzito, atuandikie kabla ya kulipa, maana mashirika yana mipaka yake ya wiki.

Siku ya kurudi, kumbukeni boti haimo katika tiketi ya ndege. Ikichelewa, ndege haiwasubiri. Vukeni asubuhi, au jana yake ikiwa bahari imechafuka. Wewe, mama, chukua kitambulisho chako cha taifa, ukae katikati kuelekea nyuma ambako boti hairuki sana, na kidonge cha kichefuchefu umeze nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda.