Nunua Miso, Wacha Samoni

Nina ugomvi na samoni, na leo nausema hadharani. Si ugomvi wa ladha. Samoni ni mtamu, haswa akipakwa miso na kuchomwa mpaka ule upande wa juu uwe kahawia na mafuta yaanze kuchuruzika. Ugomvi wangu ni na ile sentensi inayotangulia kila video ya mapishi haya: eti ni chakula rahisi cha jioni za katikati ya wiki.

Rahisi kwa nani? Dakika ishirini, wanasema, na kwenye video kweli zinatosha. Lakini saa ya video haijawahi kukwama Thika Road saa moja jioni mvua ikinyesha. Haijafika nyumbani ikapata stima imepotea na mtungi wa maji umekauka. Kisha kuna oveni, ambayo video inaichukulia kama sinki, kitu ambacho kila nyumba huja nacho. Wengi wetu tuko kwa bedsita, tunapika kwa meko moja ya gesi iliyowekwa hatua mbili kutoka kitandani. Na bado hatujataja bei. Kipande cha samoni cha kulisha watu wawili jioni moja kinaweza kumeza pesa ya mboga ya wiki nzima.

Hata hivyo, sitaki msomaji afikiri nimekuja kulia umaskini. Upishi wenyewe ni wa akili sana, na ndiyo maana nakasirika. Tumepewa wazo zuri, sisi tukang'ang'ania samaki.

Tuanze na miso, maana wengi huiita sosi wakapita. Miso ni soya iliyochemshwa na kupondwa, ikachanganywa na chumvi na koji, yaani mchele au shayiri iliyooteshwa ukungu maalum, kisha ikaachwa ichachuke. Miso nyeupe huchukua wiki chache. Nyekundu inaweza kukaa mwaka na zaidi. Muda huo wote ukungu unavunjavunja protini za soya, na hapo ndipo inapotoka ladha nzito inayobaki mdomoni. Ni ladha ileile ambayo mkemia Kikunae Ikeda, akichunguza supu ya mwani mwaka 1908, aliipa jina la umami. Mtu aliyelelewa kwa mursik au uji wa kuchachusha hahitaji darasa hapa. Anajua tayari kwamba kuna chakula kinachoivishwa na moto na kingine kinachoivishwa na subira.

Sasa jiulize kwa nini samaki walipakwa miso. Kyoto, mji ulioupa umaarufu upishi huu, hauko baharini. Samaki walifika huko wamesafiri, na chumvi ya miso iliwasaidia wasiharibike huku ikiwapa utamu. Hii ilikuwa hila ya mpishi aliye mbali na maji, anayemfanya samaki aliyepatikana awe mtamu. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba lazima awe samoni.

Na huyo samoni tunayemwona Mjapani kuliko Wajapani ana hadithi yake. Kweli, Japani wamemla tangu zamani, akitiwa chumvi na kuchomwa. Lakini kumla mbichi kwenye sushi ni mambo ya juzi, kwa sababu samoni wa porini wa Pasifiki hubeba minyoo. Katikati ya miaka ya 1980, Norwe ilikuwa na samoni wa kufugwa na ilihitaji soko, ikaanza kampeni ya kuwashawishi Wajapani wamle mbichi. Ilichukua miaka, lakini walikubali. Hata ile rangi ya waridi inayopendeza kwenye picha, samoni wa kufugwa huipata kwa kiungo kinachotiwa kwenye chakula chake. Bila hicho, nyama yake ingekuwa ya kijivu. Tamaa hutengenezwa, jamani, na kuna watu wanaolipwa mshahara kuitengeneza.

Turudi kwetu. Mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Alipojaa ziwani, viwanda vikafunguliwa na minofu yake ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tukaachiwa mgongo wazi: kichwa, mifupa na nyama iliyobaki ikiwa imeshikilia mbavu. Nenda Obunga, Kisumu, uone mifupa hiyo ikikaangwa. Kwa hiyo tumeuza minofu, tumekula mifupa, kisha tumeingia supamaketi kununua minofu ya samaki wa Norwe ili tuonekane tunakula vizuri. Ukiniambia hayo ni maendeleo, nitakuomba unieleze polepole.

Omena ndio usiseme. Sehemu kubwa ya wanaovuliwa huishia kwenye chakula cha kuku na mifugo. Kule Afrika Magharibi, kwenye pwani za Mauritania, Senegali na Gambia, viwanda husaga samaki wadogo ambao watu wangekula, na unga na mafuta yake huuzwa nje kulisha samaki wa kufugwa. Samaki wa wengi anasagwa ili anenepeshwe samaki wa wachache, halafu yule wa wachache analetwa kwetu kama somo la lishe.

Lishe ndiyo hoja ninayosikia sana. Samoni ana mafuta mazuri, sibishi. Lakini omena huliwa mzima, kichwa na mifupa, na ndiyo maana ana kalsiamu ambayo mnofu wa samoni hauna. Shida ya omena ni aibu. Kuna watu hapa Nairobi wanaofunga madirisha wakipika omena, majirani wasisikie harufu, na kesho yake wanapiga picha ya samoni mmoja wakaitundika Instagram. Watoto wao wanaona. Wanajifunza mapema kwamba chakula cha nyumbani ni siri na chakula cha mbali ni sifa.

Wapo pia walinzi wa utamaduni watakaosema tuachane na miso kabisa, si yetu. Hao nao watulie. Mahindi ya ugali yalitoka Amerika, na nyanya na pilipili vilevile. Chapati na sambusa zilivuka bahari. Jiko letu halijawahi kukataa mgeni. Swali ni mgeni anakuja kufanya nini. Miso inakuja kukaa: kopo moja, vijiko viwili kwa pishi, na chumvi yake huifanya idumu miezi. Kwenye sahani ile ya video, miso ndiyo ya bei nafuu. Mla pesa ni samoni.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua kipande cha mbuta, ambaye ana mafuta ya kutosha, au nguru ukiwa Mombasa. Changanya vijiko viwili vikubwa vya miso nyeupe, kijiko kimoja cha asali, tangawizi iliyokwaruzwa, punje moja ya kitunguu saumu na maji ya nusu ndimu. Chumvi usiongeze. Mfute samaki akauke, mweke kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, ngozi ikiwa chini, umwache mpaka akaribie kuiva. Hapo ndipo upake miso juu, kwa sababu ina utamu na huungua upesi. Funika dakika chache. Kama unatumia jiko la makaa, palia makaa juu ya mfuniko kama wanavyopalia wali Pwani. Hiyo ndiyo oveni, na ilikuwepo kabla ya video.

Omena waoshe kwa maji moto, wakaange wakauke, uwaunge na kitunguu na nyanya. Ukishaepua, koroga kijiko cha miso kilichoyeyushwa kwa maji kidogo ya moto. Ugali, sukuma wiki, basi. Na madirisha yaache wazi.

Mwenye pesa ya samoni ale, sitamnyang'anya sahani. Ninachokataa ni dada wa bedsita aliyetoka kazini saa mbili usiku kuambiwa hajui kula kwa sababu friji yake haina samaki wa Norwe. Waliobuni upishi huu walipaka miso samaki waliyekuwa naye. Sisi tuna ziwa, tuna bahari, na samaki wenyewe wako kwa mama samaki hapo stage.