Tunawachagulia Watoto Vyuo vya Udaktari Gizani

Sisi wazazi wa vijana waliosoma PCB tuna la kusema, na mwaka huu tumechoka kulisemea kwenye foleni ya steshenari. Matokeo ya kidato cha sita yametoka, dirisha la udahili limefunguliwa, na nyumba yenye mtoto aliyefaulu fizikia, kemia na baiolojia haina usingizi. Mtoto kapata wani, yaani daraja la kwanza, majirani wamekuja kupongeza, bibi kachinja kuku. Kesho yake tunakaa na karatasi na kalamu, tunaulizana: tumwombee chuo gani?

Tunasema tumwombee kwa sababu mwenyewe hayupo. Akimaliza mtihani mwezi Mei anaitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Hilo hatulilalamikii, watoto wanarudi wamekomaa na wanaamka bila kuamshwa. Ila dirisha likifunguliwa Julai, yeye yuko kambini Bulombora au Oljoro, na simu haishiki anapotaka. Akipata nafasi anapiga haraka haraka: "Shikamoo baba, umeshaniombea?" Baba anajibu marahaba, anaanza kumweleza habari ya vyuo, mara salio linaisha au filimbi inapigwa. Basi uamuzi wa miaka mitano ya masomo na mmoja wa utarajali unabaki mikononi mwa watu ambao wengine tuliishia darasa la saba.

Tunaupeleka steshenari. Hapa kwetu Masasi kuna kijana ana kibanda karibu na stendi, kompyuta mbili na printa, na msimu huu watu wanamsubiri tangu asubuhi. Anajaza namba ya mtihani ya kidato cha nne, anajaza ya kidato cha sita, anamfungulia mtoto barua pepe ambayo mtoto mwenyewe hajawahi kuiona, anatoa kontroo namba, tunalipa kwa simu, tunasubiri ujumbe. Elfu kumi chuo hiki, elfu kumi chuo kile. Wiki iliyopita alimwuliza mama mmoja wa Lulindi, "Mama, tuweke na Ifakara?" Mama akamwuliza, "Huko wanafundisha vizuri, mwanangu?" Kijana alikuwa mkweli. Akasema, "Sijui mama, ila mwaka jana niliwawekea wengi." Wakaiweka. Sote tuliokuwa kwenye foleni tulisikia, na hakuna aliyekuwa na jibu bora kuliko lile.

Majina ya vyuo tunayajua. Muhimbili, iliyoanza mwaka 1963 kama shule ya udaktari ya Dar es Salaam, ndiyo kila mtoto huitaja kwanza. Kuna KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Mbeya iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ifakara, Kairuki pale Mikocheni, na SUZA ya Zanzibar kwa walio tayari kuvuka maji. Zamani orodha ilikuwa fupi kiasi kwamba hapakuwa na cha kuchagua, kwa hiyo tunashukuru. Lakini jina si taarifa. Na tangu mwaka 2017 ulipoachwa ule mfumo wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ulioanza 2010, ambao mtu aliomba mara moja akapanga vyuo kwa vipaumbele vyake, kila chuo kina mlango wake, fomu yake na malipo yake. Mwenye fedha anagonga milango minane. Mwenye elfu ishirini anagonga miwili, na inambidi aijue vizuri ni ipi.

Aijue kwa kipi? Tuchukue pointi. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, kwa hiyo ndogo ndiyo nzuri, na mwenye wani ya 3 ndiye kinara. Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, kubwa ndiyo nzuri. Mtoto mwenye B mbili na C moja ana wani ya 7 kwenye cheti, halafu ana pointi 11 mbele ya chuo. Mzazi anayesoma kwamba chuo kinataka pointi kadhaa, akitazama ile 7 ya kwenye cheti, hajui kama mwanawe amevuka au amekwama. Tumewaona waliokata tamaa bure, tumewaona pia waliojipa matumaini bure. Ilikuwa kazi gani kuandika mstari mmoja wa kueleza hilo juu ya fomu?

Ukishaelewa pointi unakutana na kigumu zaidi. Mwongozo wa udahili unatoa kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuomba, na unatoa idadi ya nafasi. Wasiyotuambia ni mtu wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana alikuwa na pointi ngapi, na waliogombea zile nafasi walikuwa wangapi. Kati ya kiwango cha kuomba na kiwango cha kuingia pana shimo, na humo ndimo zinamopotelea elfu kumi zetu. Mtoto wa wani ya 9 anaombewa vyuo vitatu vinavyochukua wani ya 3 na ya 4, anakosa vyote awamu ya kwanza, na awamu ya pili ikifunguliwa anakuta nafasi zimebaki kwenye vyuo ambavyo ada yake hatuiwezi. Angeomba kwa kipimo chake tangu mwanzo angekuwa ndani. Chuo hakishindwi kuzijua takwimu hizi, maana ndicho kilichowapanga waombaji kwenye mstari na kukata.

Sasa tuje kwenye mafunzo yenyewe, jambo ambalo hata sisi tusiosoma tunalielewa, maana wengi tumelazwa hospitali ya Ndanda na tumewaona madaktari wakifanya kazi. Udaktari unafundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi lingekuwa: wanafunzi wa mwaka wa tatu hadi wa tano wanafundishiwa hospitali ipi, ina vitanda vingapi, madaktari bingwa wangapi, na vitanda hivyo wanagawana na chuo gani kingine? Binti wa jirani yetu yuko mwaka wa nne, chuo hatukitaji. Anasema wakati wa raundi wanajazana kwenye kitanda kimoja hadi walio nyuma hawamwoni mgonjwa, wanamsikia mwalimu tu, na kuna magonjwa ya watoto aliyoyasomea kwenye slaidi bila kumgusa mtoto hata mmoja. Hasemi kwa uchungu, anasema kama jambo la kawaida. Sisi ndio tulioumia, kwa kuwa siku moja daktari wa namna hiyo ndiye atakayekuwa zamu peke yake usiku kwenye kituo cha afya, na anayeletwa kwa bodaboda ni mjukuu wetu.

Fedha ndiyo inatunyima usingizi kabisa. Ada ya chuo binafsi ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chuo cha umma, hilo tulishalizoea. Tatizo letu ni mpangilio wa tarehe. Mtoto akichaguliwa vyuo viwili au vitatu anatakiwa athibitishe kimoja ndani ya siku chache, kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Asipothibitisha, nafasi inapotea. Akithibitisha, amefunga ndoa. Majibu ya mkopo yanatoka baada ya hapo. Mkopo nao si kitu kimoja kwa wote: mmoja anapewa ada yote, mwingine sehemu, mwingine hapati. Tena una kikomo chake cha ada, na ada ya chuo binafsi mara nyingi inakizidi. Kwa hiyo tunaulizwa Septemba kama tutaiweza bei ambayo tutaijua Oktoba au Novemba.

Huku kwetu ugumu unazidi. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na fedha inaingia mkononi wiki kadhaa baadaye. Barua ya kujiunga inakuja na orodha: ada ya muhula, usajili, bima ya afya 50,400, koti jeupe, stetoskopu, na chini kabisa neno "malazi" bila bei, kwa sababu hosteli hazitoshi na mtoto atapanga mtaani. Baba mmoja wa foleni yetu alithibitisha chuo binafsi akiamini mkopo utakuja. Ulikuja nusu. Aliuza korosho yote, akauza na bati alizokuwa ameziweka za kuezekea, na muhula wa pili bado ulimkuta anadaiwa. Angejua mapema angethibitisha chuo cha umma, ambacho kilikuwa kimemchukua yuleyule mtoto, ila kiko mbali na nyumbani.

Katika giza hilo ndipo wanapoingia mawakala wa vyuo vya nje. Wanakuja na vipeperushi vya rangi, wanakodi ukumbi, na tofauti na vyuo vyetu, wao wanajibu kila swali. Hatuwalaumu wazazi waliowasikiliza. Lakini mwaka 2020 tuliona vijana waliokuwa wakisoma China wakizuiwa na korona wasirudi madarasani, na mwaka 2022 vita vya Ukraine viliwakuta Watanzania mjini Sumy wakitafuta njia ya kutoka na begi moja. Waliobahatika kumaliza wanarudi kuhakikiwa vyeti vyao na kufanya mtihani wa baraza la madaktari kabla ya utarajali. Wakala hayupo siku hiyo.

Kuna wanaotuambia tusisumbuke, kwani madaktari wenyewe wako mtaani hawana ajira. Tunakumbuka mwaka 2017, madaktari 500 walipotakiwa kwenda Kenya, mahakama ya huko ikazuia, na serikali yetu ikawaajiri 258 waliokuwa wameomba. Tunajua. Bado wodi zetu zinahitaji watu, na mtoto aliyeamua tangu kidato cha pili hatuwezi kumwambia aache.

Tunachotaka kinatosha kwenye ukurasa mmoja wa mwongozo kwa kila chuo: pointi za wa mwisho aliyechukuliwa mwaka jana, idadi ya walioomba, hospitali ya kufundishia na vitanda vyake, walioanza mwaka wa kwanza na waliomaliza wa tano, na gharama yote ya mwaka pamoja na chumba cha kupanga. Na majibu ya mkopo yatangulie, hata kama ni makadirio, ndipo tuulizwe kuthibitisha. Kambini nako kitengwe chumba chenye kompyuta siku za dirisha, ili kijana ajaze fomu yake mwenyewe. Awamu ya kwanza inafungwa wiki ijayo, na pale stendi foleni imefika barabarani.