Shaba inaenda Dar es Salaam, kunguru asirudi nayo

Dereva mmoja wa lori, mkaaji wa komini ya Manika hapa Kolwezi, alinionyesha mwezi uliopita video aliyoipiga kwenye maegesho ya malori jijini Dar es Salaam. Nilidhani ni ile foleni ya bandarini ambayo kila dereva analalamikia. Kumbe ni kunguru. Watatu walikuwa juu ya mti, wanatoa makinda ya ndege mdogo kiotani, moja baada ya jingine, na mama yao anaruka-ruka akilia. Dereva alicheka: "Ndugu mwandishi, kule hata ndege wanaporwa." Mimi sikucheka.

Kunguru huyo si wa Afrika. Ni wa India, mwembamba, shingo ya kijivu, mwili mweusi. Waingereza walimleta Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji. Akasafisha takataka, kisha akasafisha viota. Mwaka 1947 alikuwa amefika Mombasa, na leo yuko pwani yote ya Kenya na Tanzania, hadi Durban kule Afrika Kusini. Anakula mayai, anakula makinda, anamfukuza hata kunguru wetu mwenye kifua cheupe. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Fikiria vizuri: milioni moja, kwa sumu, kwa pesa za serikali na za wenye hoteli, kwa sababu hakuna aliyejali walipokuwa wachache.

Msomaji atauliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa Lualaba, mbali hivi na bahari? Yanatuhusu kwa sababu ya barabara. Shaba na kobalti ya Kolwezi inapita Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma na kushuka Dar es Salaam. Nyingine inakwenda Durban. Bandari hizo mbili zote zina kunguru wa India. Ndege huyu anasafiri kwa meli, na akifika nchi kavu anafuata miji na majalala kandokando ya barabara kubwa. Nchini Kenya ameifuata barabara kutoka Mombasa hadi Voi na zaidi. Hahitaji msitu. Anahitaji mahali ambapo watu wanatupa mabaki ya chakula na hakuna anayeyaokota.

Na hapo, wapenzi wasomaji, sisi tumemtandikia kitanda. Tembea asubuhi sokoni Dilala au Manika, uangalie mfereji. Mabaki ya bukari, matumbo ya samaki, manyoya ya kuku, yote yanangoja mvua iyabebe. Pembeni ya barabara ambapo malori yanalala ni hivyo hivyo.

Tunacho cha kupoteza. Lualaba ikitoka huku kwetu inashuka kupitia Nzilo na Bukama hadi maziwa ya Upemba, ambapo mbuga ya taifa iliundwa mwaka 1939. Katika nyasi na matete ya bonde hilo kuna ndege ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa kusini-mashariki mwa Kongo. Mmoja ni ndege mdogo wa nyasi ambaye wataalamu wanamwita Estrilda nigriloris. Alijulikana mwaka 1928, na tangu 1950 hajaonekana tena. Kama bado yupo mahali, makinda yake hayahitaji adui mpya. Na bonde hilo limejaa vijiji vya wavuvi, maana yake matumbo ya samaki kila siku, karamu ya kunguru.

Najua jibu litakalokuja. Wachimbaji wanafukiwa na udongo mashimoni, maji ya mito yana asidi, na wewe unalilia ndege? Ninalijibu hivi: mwulize mama wa pwani anayefuga kuku. Kunguru huyu anachukua vifaranga mlangoni, mchana, mbele ya watoto. Anatoka jalalani na vijidudu vya kuhara miguuni, anatua kwenye ndoo ya maji. Hiyo ni hasara ya maskini kwanza.

Uholanzi ilipata kunguru wawili tu mwaka 1994, walioshuka melini. Wakaachwa. Baada ya miaka 20 serikali ilikuwa mahakamani ikibishana na watetezi wa wanyama juu ya kundi zima. Zanzibar nayo iliwapunguza sana miaka ya 1990, pesa zikaisha, wakarudi. Kazi hii ni rahisi wakati wa jozi ya kwanza tu.

Pesa, kwetu, si kisingizio. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa komini na sekta ambamo madini yanachimbwa, na kampuni zinatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Gari la takataka linalopita kila siku sokoni na kwenye maegesho ya malori linaweza kulipwa humo. Meya atuambie kwa nini halipiti.

Kwa madereva, ombi langu ni dogo. Kunguru mwenye kifua cheupe ni wetu, mwacheni. Ukimwona wa shingo ya kijivu, asiye na weupe wowote, akiwa upande huu wa Kasumbalesa, piga picha, andika mahali na siku, upeleke ofisi ya mazingira ya jimbo au kwa ICCN. Yule rafiki yangu wa Manika amekwisha kuondoka tena na mzigo, na ameniahidi kuangalia miti njia nzima.