Hiyo “Baadaye” Inatugharimu

Wanachuo wenzangu wa Ifakara, simu ikituambia sasisho la mfumo lipo tayari, wengi tunabonyeza “Baadaye”. Bando lina kazi nyingine. Nawaelewa, ila nasema hiyo baadaye ina gharama, na wanaoilipa si sisi peke yetu.

Oktoba 2016 Phil Oester alitangaza kasoro aliyoikuta baada ya seva kuvamiwa. Ilikuwamo ndani ya keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, tangu 2007. Ikaitwa Dirty COW. Android nayo imejengwa juu ya keneli hiyohiyo.

Fikiria ghala la mpunga. Daftari kuu haliguswi. Ukitaka kuandika, karani anakutolea nakala. Wewe unaandika, huku mwenzako anamsumbua karani bila kupumzika: “Itupe hiyo nakala!” Mara elfu hakiharibiki kitu. Halafu inatokea nukta moja: karani anadhani nakala ipo, kumbe imeshatupwa, na kalamu yako inatua kwenye daftari kuu. Ndivyo programu ya kawaida ilivyoweza kubadili faili isizoruhusiwa kugusa, hadi ikajipa mamlaka yote ya kifaa.

Kiraka kilitoka haraka. Kwa Android kilifika Desemba 2016. Lakini mwaka 2017 programu hasidi iitwayo ZNIU ilikutwa ikipenya kwenye simu kupitia tundu lilelile. Dawa ilikuwepo, wagonjwa hawakuinywa.

Sasa njoo kwetu. Bonde hili linaishi kwa takwimu za afya. Taasisi ya Afya Ifakara imefuatilia vizazi na vifo katika vijiji vya Kilombero na Ulanga tangu 1996. Nasi tukienda fildi tunaingia kwenye nyumba za watu, wanatuambia mambo ambayo hata jirani hayajui, tunayaandika kwenye simu. Mama aliyekuamini hakuulizi simu yako ina kiraka cha mwaka gani. Ni kazi yako kujua.

Kwa hiyo serikali yetu ya wanafunzi idai mambo mawili: Wi-Fi ya chuo itengewe saa za usiku za kupakua masasisho, na kifaa chochote kitakachobeba taarifa za watu kikaguliwe tarehe ya sasisho la usalama kabla ya fildi. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuitumia masasisho ibaki ya kupigia stori tu, isibebe siri za wagonjwa.