Hesabu saa za kukaa, si za ndege pekee

Atokaye Tulia kwenda New York huambiwa safari ni ya saa 14 au 15. Hizo ni saa za angani tu, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy, mwendo wa kilomita zipatazo 11,800 ambao Kenya Airways ilianza kuuruka moja kwa moja Oktoba 2018. Miguu yako ilianza kukunjwa mapema, ndani ya matatu iliyokutoa Kitui.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini zaidi ya saa 4, iwe kwa ndege, basi au gari, huongeza maradufu hatari ya damu kuganda mishipani. Kwa mwenye afya njema hatari ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini huzidi kwa mja mzito, aliyepasuliwa karibuni, mgonjwa wa saratani, au aliyewahi kugandwa na damu.

Kwa maoni yangu, hao wamwone daktari kabla ya kulipa nauli. Wewe mwingine, simama utembee, zungusha vifundo vya miguu, kunywa maji, epuka pombe na dawa za usingizi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hata wiki kadhaa baada ya kufika, usiseme ni uchovu wala usikubali kukandwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umweleze daktari ulisafiri. Donge la damu likifika mapafuni huweza kuua.